Kutokeza tairi nje si sawa na kurefusha mkono wa saspensheni

Ukitaka kurefusha mikono ya saspensheni, yaani vyuma vinavyoshika gurudumu kwenye fremu na kuliacha lipande na kushuka, gereji nyingi utaambiwa: "Kaka, funga spesa tu, kile kipande cha chuma kati ya habu na rimu, gari litapanuka, kazi ni ileile." Kwa upana, ni kweli. Spesa ya sentimita 5 kila upande huongeza sentimita 10 kati ya tairi na tairi, na gari husimama imara zaidi kwenye mteremko wa pembeni.

Lakini kwa spesa, mikono ya saspensheni inabaki na urefu uleule. Chukua mfano wa mbele ya Hilux za kisasa, ambako kila gurudumu lina mikono yake. Mkono wa sentimita 40 ukicheza digrii 20 juu na 20 chini, ncha yake husafiri kama sentimita 27. Wa sentimita 50, kwa pembe hizohizo, husafiri kama 34. Hapo ndipo tairi hufuata shimo badala ya kuning'inia, mradi shokapu, shafti na fimbo za usukani nazo zirefushwe.

Spesa, au rimu iliyotokeza nje, husogeza tairi mbali na mhimili wa kukatia kona, yaani mstari ambao gurudumu hugeukia ukizungusha usukani. Jiwe likigonga tairi, usukani unavuta mikononi mwako, na beringi hubeba mzigo kwa wenzo mrefu zaidi. Tafadhali, ukifunga spesa, kagua nati baada ya safari ya kwanza.