Shahada mbili kwa mkupuo mmoja: masomo ya kanda pamoja na taaluma

Ukipitia orodha ya programu za uzamili katika vyuo vikuu vya Marekani, utakutana na vifupisho vilivyotenganishwa kwa mkwaju: JD/MA, MBA/MA, MPH/MA. Upande mmoja wa mkwaju ni shahada ya kazi fulani, kama vile sheria (JD), biashara (MBA) au afya ya jamii (MPH). Upande wa pili, mara nyingi, ni shahada ya uzamili (MA) ya masomo ya kanda: Afrika, Amerika ya Kilatini, Mashariki ya Kati, Asia ya Mashariki, au Urusi na majirani zake. Mwanafunzi anazisoma zote mbili kwa mpango mmoja na kuzimaliza mapema kuliko ambavyo angezisoma moja baada ya nyingine.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kiswahili kinalitumia neno “taaluma” kwa elimu ya chuoni na pia kwa kazi ya kisomi kama uwakili au uhasibu. Hapa nikisema shahada ya taaluma nina maana hiyo ya pili: shahada inayokuandaa kwa kazi inayojulikana kwa jina, na mara nyingine yenye bodi yake na mtihani wake wa leseni. Masomo ya kanda hayana kazi ya namna hiyo. Hakuna mtu anayeajiriwa kuwa “mwanakanda”. Anayesoma MA ya Mashariki ya Kati husoma historia, siasa, dini, uchumi na fasihi ya eneo hilo, na juu ya yote lugha yake: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki au Kiebrania. Kinachoyaunganisha masomo hayo yote ni mahali.

Ilikuwaje mahali pakawa sababu ya kutoa shahada? Vita Kuu ya Pili iliifunza serikali ya Marekani kwamba ilikuwa na wanajeshi karibu kila pembe ya dunia lakini watu wachache mno waliozielewa pembe hizo. Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha taasisi yake ya Urusi mwaka 1946. Miaka miwili baadaye, mwanaanthropolojia Melville Herskovits alianzisha programu ya masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Kisha, Oktoba 1957, Wasovieti walirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza iliyoundwa na binadamu. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na sura ya sita ya sheria hiyo ikaanza kumwaga fedha katika vituo vya lugha na masomo ya kanda. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zilizofaidi: ni moja ya lugha za Kiafrika zinazofundishwa kwa wingi zaidi katika vyuo vya Marekani, na sehemu ya sababu ni hofu ya chombo cha duara kilichokuwa kikilia angani.

Fedha hizo zilizalisha wajuzi wa maeneo. Baadhi yao walibaki vyuoni kuwa maprofesa. Wengine walitoka na cheti mkononi wakagundua kwamba mwajiri anavutiwa na Kirusi chao, lakini bado anauliza wanajua kufanya nini. Kwa upande wa pili, mwanasheria anayeandaa mkataba wa uwekezaji Brazil bila kusoma Kireno hutegemea kila sentensi ipite kwa mfasiri. Mtaalamu wa afya anayepanga kampeni ya chanjo katika milima ya Andes, mahali ambapo wazazi wengi huzungumza Kiquechua, anaweza kuwa na takwimu sahihi na bado asijue kwa nini milango inafungwa. Shahada ya pamoja ilibuniwa kujaza pengo hilo.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Hakuna muujiza unaoondoa mwaka mzima wa masomo. Kinachofanyika ni kozi moja kuhesabiwa mara mbili. Kozi hupimwa kwa krediti, yaani vipimo vya uzito wake. Tuseme shahada ya taaluma inadai krediti 54 na ya kanda inadai 36. Ukizisoma kila moja peke yake, jumla ni 90. Kila upande ukikubali kupokea krediti 9 za mwenzake, krediti 18 zinakuwa za pande zote mbili, na unabaki na 72 za kusoma. Kwa krediti 12 kwa muhula, hiyo ni mihula 6, yaani miaka mitatu badala ya karibu minne. Ndiyo maana MBA/MA huchukua miaka mitatu kwa kawaida, na JD/MA huchukua minne badala ya mitano.

Ukubwa wa punguzo haupangwi na ukarimu wa chuo pekee. Chama cha Wanasheria cha Marekani, kinachoidhinisha vyuo vya sheria, kinataka mhitimu wa JD awe na krediti zisizopungua 83, na kati ya hizo angalau 64 ziwe za kozi za sheria zenye mahudhurio darasani au mafundisho ya moja kwa moja ya mwalimu. Kwa hiyo chuo cha sheria kina nafasi ndogo tu ya kupokea kozi ya historia ya China, hata kama mkuu wake anaipenda sana China. Chama hichohicho kinataka JD ikamilike ndani ya miezi 84 tangu mwanafunzi aanze, kikomo kinachomgusa anayetaka kuongeza mwaka wa lugha ng'ambo katikati ya safari. Afya ya jamii nayo ina kima chake cha chini: shahada ya MPH iliyoidhinishwa haiwezi kushuka chini ya krediti 42.

Mifano ipo mingi. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kinaunganisha masomo ya Amerika ya Kilatini na sheria au utawala wa umma. Chuo Kikuu cha Yale kinaruhusu MA ya masomo ya Afrika iende sambamba na sheria au afya ya jamii. Taasisi ya Lauder, iliyoanzishwa mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, imekwenda mbali zaidi. Mwanafunzi wake husoma MBA ya Wharton, shule ya biashara ya chuo hichohicho, na MA ya masomo ya kimataifa kwa miezi 24 tu, akianza na kiangazi chenye kipindi cha kuishi katika eneo analolisoma. Lakini mlangoni hupimwa lugha. Asiyekwisha kuimudu hawezi kuijifunzia humo.

Suala hilo la lugha ndilo ningelitazama kabla ya kitu kingine chochote. Mihula miwili ya Kijapani inakutosha kuagiza chakula, haikutoshi kusoma hukumu ya mahakama. Programu ambayo haimfikishi mwanafunzi mahali pa kutumia lugha katika kazi ile ya upande wa pili wa mkwaju inauza cheti cha mapambo, na cheti hicho kina ada yake.

Msomaji wa Kiswahili ana swali lake la ziada: je, nikasome Afrika nchini Marekani? Lugha tayari unayo, kwa hiyo mzigo mzito zaidi wa shahada umekwisha kuutua. Hiyo ni faida, kwani unaweza kutumia nafasi hiyo kwa lugha ya pili ya Kiafrika au kwa kozi zaidi za taaluma. Lakini kuna upande mwingine wa kufikiria. Wakili anayejua Kiswahili na Kiingereza ana wenzake wengi. Wakili wa Kiswahili anayeweza kusoma mkataba wa Kichina katika Kichina chenyewe hana wengi wa kushindana naye. Mimi ningeelekea huko, ingawa najua Kichina hakina huruma.

Kuhusu kuingia, usitarajie mlango mmoja. Kwa kawaida unaomba kila shahada peke yake, na kila kamati huamua kivyake. Unaweza kukubaliwa na idara ya masomo ya kanda na kukataliwa na chuo cha sheria. Programu nyingi pia huruhusu kuomba shahada ya pili ukiwa mwaka wa kwanza wa ile ya kwanza. Uliza mapema nani atakutoza ada mwaka upi, maana ada ya chuo cha biashara na ya idara ya masomo ya kanda zinaweza kutofautiana mno, na ufadhili wa upande mmoja haukufuati ukivuka upande wa pili. Ufadhili wa serikali ya Marekani unaotokana na ile sura ya sita umekuwa kwa raia na wakazi wa kudumu tu. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kuna jambo jingine: ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu hutolewa mara moja kwa kila ngazi ya elimu, na MBA na MA zote ni ngazi ya uzamili. Vyeti ni viwili, ruhusa ni moja.

Na vyeti vyenyewe kwa kawaida hutolewa pamoja, mwishoni. Ukiamua katikati kuachana na shahada moja, kozi zilizohesabiwa mara mbili zinarudi kuhesabiwa mara moja, na shahada uliyobaki nayo inaweza kukudai krediti ulizodhani umekwisha kuzilipa. Kwa hiyo omba maandishi ya utaratibu huo kabla ya kusaini chochote, si baada ya muhula wa tatu.