Maswali na majibu: Chakula, mitishamba na vidonge vya virutubisho wakati wa tibakemikali

Tibakemikali, ambayo wengi huiita kemo, hushambulia chembe zinazogawanyika haraka. Chembe za saratani ni za namna hiyo, lakini na za mizizi ya nywele pia, za utando wa mdomo na utumbo, na za uboho unaotengeneza damu ndani ya mifupa. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo huchubuka, tumbo huvurugika na damu hushuka. Majibu haya yanahusu yale ambayo mgonjwa na anayemuuguza wanaweza kuyafanya wenyewe, na yale ambayo ni heri wasiyaguse.

Kichefuchefu kinanimaliza. Ni kweli tangawizi inasaidia?

Inasaidia, mradi iwe nyongeza ya dawa ulizoandikiwa na si badala yake. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 576 walipewa vidonge vya tangawizi au vidonge bandia visivyo na dawa ndani, na wote waliendelea na dawa za kuzuia kutapika. Walianza siku tatu kabla ya kemo. Waliopata nusu gramu hadi gramu moja kwa siku walipata nafuu kubwa zaidi siku ya kwanza ya dawa, na waliopewa gramu moja na nusu hawakuwapita. Kwa hiyo kuongeza kipimo hakuna faida. Chai ya tangawizi haina shida kwa wengi, lakini kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au umeambiwa chembe sahani zako, zile zinazogandisha damu, ziko chini, uliza kwanza kabla ya kutumia vidonge vyake.

Kosa ninaloliona zaidi ni mgonjwa kungoja mpaka atapike ndipo ameze dawa ya kichefuchefu. Imeze kwa saa zake, hata kama unajisikia vizuri. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kwa sababu tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Chakula kilichopoa hunukia kidogo kuliko cha moto, basi subiri kipoe, na aliye na nguvu ndiye akae jikoni. Jambo jingine: siku ya kemo usile chakula unachokipenda kuliko vyote. Mwili una tabia ya kukihusisha chakula na kutapika, na unaweza kukichukia kwa miezi.

Mdomo umejaa vidonda, hata maji yanachoma. Nifanyeje?

Chukua kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, weka robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea na chumvi nusu ya kiasi hicho. Sukutua mara kadhaa kwa siku, kisha suuza kwa maji matupu. Achana na dawa za kusukutua zenye alkoholi. Kula vitu laini na vilivyopoa: uji, mtindi, viazi vilivyopondwa, mayai yaliyoiva. Ndimu, pilipili na vyakula vikavu vya kukwaruza visubiri.

Utasikia pia ushauri wa kumung'unya barafu wakati dawa inaingia mwilini. Kwa baadhi ya dawa, barafu kweli hupunguza vidonda. Lakini anayepewa dawa ya kemo iitwayo oksaliplatini akigusa au akinywa kitu cha baridi hupata ganzi na maumivu makali vidoleni na kooni, kwa hiyo kwake barafu ni mwiko. Jua jina la dawa yako kabla ya kuiga mgonjwa wa kitanda cha pili.

Mama amelegea kabisa. Tunampa juisi ya bitiruti iongeze damu. Tuendelee?

Kama anaipenda, mpeni, ila msiitegemee. Wakati wa kemo damu hushuka hasa kwa sababu uboho umepigwa na dawa, na bitiruti haina uwezo wa kuuamsha. Vidonge vya madini ya chuma navyo vina maana pale tu kipimo kinapoonyesha kwamba yamepungua. Na msishtuke mkojo ukiwa na rangi ya waridi baada ya juisi hiyo. Dawa ya doksorubisini nayo hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili.

Kuhusu ule uchovu usioisha hata kwa kulala, kitu kilichothibitika kuliko kidonge chochote cha kuongeza nguvu ni mazoezi mepesi. Atembee dakika kumi asubuhi na kumi jioni, akiongeza kadiri anavyoweza.

Vitamini na mitishamba ni vitu vya asili. Vitadhuru vipi?

Paklitakseli, mojawapo ya dawa kali za kemo, ilipatikana kwenye gome la mti. Vinkristini inatoka kwenye mmea wa maua. Kwa hiyo neno "asili" halitwambii chochote kuhusu usalama. Chungwa sahanini ni chakula, lakini kidonge chenye vitamini ya machungwa mengi kwa mkupuo mmoja ni dawa, nayo hukutana na dawa nyingine ndani ya ini.

Kuna mmea uitwao Hypericum perforatum, unaouzwa kama dawa ya huzuni. Hulifanya ini livunje dawa haraka, na kwa wagonjwa waliokuwa wakipewa dawa ya kemo ya irinotekani ulipunguza kwa asilimia 42 kiasi cha ile sehemu ya dawa inayofanya kazi. Mgonjwa anavumilia taabu zote za kemo huku akipata zaidi kidogo tu ya nusu ya tiba. Tunda la balungi hufanya kinyume: huzuia baadhi ya dawa zisivunjwe, zikalundikana mwilini hadi kuwa sumu.

Mfano unaonisikitisha zaidi ni wa kirutubisho kiitwacho asetili-L-kanitini. Kilitarajiwa kizuie ganzi ya mikono na miguu inayoletwa na dawa za kundi la paklitakseli. Kilipojaribiwa kwa wanawake 409 wenye saratani ya matiti, matokeo yalitoka mwaka 2013: ganzi ilizidi kwa waliopewa kirutubisho kuliko waliopewa kidonge bandia.

Halafu kuna asidi ya foliki, ambayo ni vitamini. Anayetumia dawa ya kemo ya pemetreksedi lazima aimeze, maana bila hiyo dawa humwumiza zaidi. Anayetumia kapesitabini, dawa nyingine ya kemo, akiimeza kwa wingi, madhara ya dawa huongezeka. Vitamini ni ileile. Sasa yule jirani anayekuhimiza umeze kwa kuwa ilimsaidia shemeji yake, anajua shemeji alikuwa akipewa dawa gani?

Tumbo linaendesha, au choo kigumu?

Ukiharisha, kula wali, ndizi mbivu na viazi, acha maziwa na mafuta kwa muda, na unywe ORS, ile chumvichumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini. Ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukienda haja mara nne au zaidi kuliko kawaida yako kwa siku, piga simu hospitali. Choo kigumu mara nyingi huletwa na dawa za kichefuchefu au za maumivu. Maji, papai na kutembea husaidia.

Niache sukari ili saratani ife njaa?

Haifi. Ukiacha sukari yote, mwili wako utatengeneza nyingine kutokana na misuli yako mwenyewe. Wakati wa kemo, kukonda ndiko kwa kuogopwa zaidi. Lenga gramu 1 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito. Yai moja lina takriban gramu 6.

Matunda na mboga mbichi je?

Vioshe vizuri na umenye vinavyomenyeka. Nyama, samaki na mayai viive kabisa, na maziwa yachemshwe. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Joto la mwili likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Usimeze dawa ya kushusha homa ukasubiri kukuche, wala usitafute mitishamba.

Tayari ninakunywa dawa ya mitishamba na sijamwambia daktari. Akinigombeza?

Pengine atakunja uso. Mwambie hivyohivyo, kabla ya dozi ijayo. Weka chupa, pakiti na majani yote kwenye mfuko uende nao kliniki. Kama unaona haya, anza na muuguzi au mfamasia. Kipimo cha ini kikiharibika, daktari asiyejua habari za chupa hiyo atailaumu kemo, na huenda akaipunguza au akaisimamisha, kumbe kilicholichosha ini ni ile dawa uliyoficha chini ya kitanda.