Emma yupi huyo? Tunayoyakosea kuhusu Emma Thompson

Ukitaja jina Emma mbele ya wapenzi wa filamu za Kiingereza, jiandae kwa ubishi. Mmoja atasema ni yule binti aliyeigiza Hermione. Mwingine atang'ang'ania Emma Stone. Wa tatu atakumbuka mwalimu mwenye miwani mikubwa anayetabiri vifo vya wanafunzi kwa kutazama machicha ya chai kikombeni. Huyo wa tatu ndiye wetu.

Hermione ni Emma Watson, na Emma Stone ni Mmarekani wa Arizona. Kuwachanganya si dhambi kubwa, maana wenyewe wamechangia. Watson na Thompson walikutana kwenye filamu za Harry Potter, halafu tena kwenye Beauty and the Beast ya mwaka 2017, Watson akiwa Belle na Thompson akiwa birika la chai linaloongea. Mwaka 2021 ikaja Cruella, akiwa na Emma Stone, Thompson akicheza bosi katili wa mitindo. Hata zile za Harry Potter, ambazo kwetu ndizo zilizomtambulisha kwa wengi, alionekana katika tatu tu kati ya nane: ya 2004, ya 2007 na ile ya mwisho ya 2011. Wanaosema "yule mama wa Harry Potter" wameshika ukucha wakadhani wamemshika mtu mzima.

Na kosa kubwa zaidi ni hilo la kudhani kazi yake ni kuigiza tu. Huyu mama ni mwandishi, na uandishi ndio ulioanza.

"Ametoka kwenye ukoo wa mabwanyenye"

Dhana hii inatokana na magauni. Mtu akikuona filamu baada ya filamu ndani ya jumba la kifahari, kiuno kimebanwa, kikombe cha chai mkononi, atakuandikia ukoo wa kifalme bila kuuliza.

Emma Thompson alizaliwa London tarehe 15 Aprili 1959, na wazazi wake wote wawili walikuwa waigizaji. Mama, Phyllida Law, ni Mskoti wa Glasgow. Mdogo wake Emma, Sophie, naye ni mwigizaji. Lakini wa kumtazama hapa ni baba, Eric Thompson. BBC ilinunua kipindi cha watoto cha Kifaransa cha vikaragosi, na Eric akapewa kazi ya kukipa maneno ya Kiingereza. Hakutafsiri. Alikaa akatazama picha, kisha akatunga hadithi zake mwenyewe juu yake na kuzisimulia kwa sauti yake, na Waingereza wa kizazi hicho wakakua wakiamini kipindi ni chao. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, tukisikiliza dijei akiwapa majina na matusi ya Kiswahili watu wa Hong Kong, ufundi huo tunaujua vizuri. Eric alifariki mwaka 1982, kabla binti yake hajajulikana.

Heshima ya kuitwa Dame, ambayo Uingereza humpa mwanamke kama impavyo mwanamume ya Sir, nayo huwachanganya watu, wakidhani ni ya kurithi au ya kuolewa. Alitunukiwa mwaka 2018 kwa mchango wake katika sanaa ya uigizaji, akaenda kuipokea kasri la Buckingham kwa Mwanamfalme William akiwa amevaa raba nyeupe.

"Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia Footlights"

Footlights ni kikundi cha vichekesho cha wanafunzi wa Cambridge, na kimetoa nusu ya watu waliowachekesha Waingereza kwa miaka sitini iliyopita. Emma aliingia akisoma fasihi ya Kiingereza chuo cha Newnham, na habari kwamba alikuwa wa kwanza imesambaa sana. Si kweli. Wanawake walikuwa wameshakubaliwa tangu miaka ya 1960, mwandishi Germaine Greer akiwa mmoja wao.

Ukweli wenyewe unapendeza zaidi. Mwaka 1980 Emma alishiriki kuandika na kuongoza onyesho la kwanza la kikundi hicho lililokuwa la wanawake watupu. Mwaka uliofuata yeye, Hugh Laurie, Stephen Fry na wenzao walipeleka onyesho lao kwenye tamasha la Edinburgh, wakashinda tuzo ya vichekesho ya Perrier mara ya kwanza kabisa ilipotolewa. Alianza na vichekesho, basi. Yale machozi ya kimyakimya tunayomjua nayo yalikuja baadaye.

"Kenneth Branagh ndiye aliyemtoa"

Hili huwa linaniudhi kidogo. Ni kweli kwamba Emma na Branagh, mwigizaji na muongozaji wa filamu, walioana mwaka 1989 na kuachana mwaka 1995, na katikati wakacheza pamoja filamu kadhaa, nyingine Branagh akiziongoza mwenyewe. Magazeti yaliwaandika kama vile ni kampuni ya watu wawili, mume mkurugenzi, mke mfanyakazi.

Hesabu miaka. Mwaka 1985 Emma alikuwa jukwaani London kwenye tamthilia ya muziki ya Me and My Girl, kazi aliyoifanya zaidi ya mwaka mzima. Mwaka 1987 alicheza tamthilia mbili za BBC: Tutti Frutti, ya bendi ya Waskoti iliyochoka, na Fortunes of War, ambako ndiko alikokutana na Branagh. Kwa hizo mbili alipewa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike wa televisheni mwaka 1988. Ndoa ilikuja mwaka mmoja baadaye. Na tuzo ya Oscar ya kuigiza aliipata kwa Howards End, ambayo Branagh hakuigusa.

Mwaka huohuo wa 1988 BBC ilimpa kipindi chake mwenyewe cha vichekesho vifupi, alichokiandika yeye, kikaitwa kwa jina lake la ukoo. Wahakiki wakakisaga unga. Angekuwa mwingine angeificha kalamu kabatini na kubaki na uso. Subiri, maana kipindi hichohicho kilichochekwa ndicho kilichomletea Oscar ya pili.

"Sense and Sensibility? Si ameinakili tu riwaya ya Jane Austen"

Hapa tukae kidogo.

Mtayarishaji wa Kimarekani, Lindsay Doran, alikuwa ametafuta kwa miaka mwandishi wa kuigeuza riwaya hii kuwa filamu. Alitaka mtu anayeweza kuchekesha na kuliza ndani ya sentensi moja, tena kwa lugha ya miaka mia mbili iliyopita. Akakutana na Emma kwenye filamu nyingine, halafu akaviona vile vichekesho vya televisheni, baadhi vikiwa vimewekwa zama za kale. Akampa kazi mtu ambaye hajawahi kuandika skripti hata moja ya filamu. Wenye fedha walipata homa.

Kazi ilichukua miaka ipatayo mitano, ikiandikwa katikati ya kazi nyingine, rasimu juu ya rasimu. Kuna kisa anachopenda kukisimulia mwenyewe: siku moja kompyuta iligeuza skripti yote kuwa alama zisizosomeka. Akaibeba kompyuta kwenye teksi hadi kwa Stephen Fry, ambaye alihangaika nayo kwa saa nyingi mpaka maneno yakarudi. Bila rafiki yake wa Footlights pengine tungekuwa na filamu nyingine kabisa.

Sasa, kunakili. Chukua riwaya, iliyotoka mwaka 1811, uilinganishe na filamu ya 1995. Kitabuni wanaume hawapo sana. Edward anakuja, anaona haya, anaondoka, na msomaji anaambiwa tu kwamba Elinor, dada mkubwa kati ya mabinti watatu wa hadithi hii, anampenda. Kwenye filamu hilo haliwezekani, mtazamaji lazima ampende naye. Emma ikabidi amtungie Edward matukio ya kupendwa. Akalifuta pambano la bastola kati ya Kanali Brandon na Willoughby, wanaume wawili wanaohusika na Marianne, mdogo wake Elinor. Akaiondoa ile ziara ndefu ambayo Willoughby anakuja kujieleza kwa Elinor wakati Marianne anaumwa. Badala yake tunamwona mwishoni akiwa juu ya farasi, mbali kilimani, akitazama harusi isiyo yake. Elinor wa kitabuni ana miaka 19, wa kwenye filamu aliongezwa miaka. Na kwa taarifa yako Emma hakuiandika nafasi hiyo akijifikiria yeye. Alikuwa na waigizaji wengine kichwani, lakini studio ikamtaka yeye.

Mfano ninaoupenda unatuhusu. Mdogo wa mwisho, Margaret, kitabuni ni jina tu. Emma alimfanya mtoto anayependa ramani, mwenye msiba wa baba yake, aliyejificha chini ya meza ya maktaba na kukataa kutoka. Edward anaingia, anaelewa, na hamwiti. Anaanza kumuuliza Elinor kwa sauti kama kuna atlasi, kwa sababu anataka kujua Mto Nile uko wapi. Anaongeza kwamba dada yake mwenyewe anasema uko Amerika Kusini. Elinor, uso mkavu, anajibu kwamba hapana, anadhani uko Ubelgiji. Wanaendelea kuharibu jiografia hivyo mpaka mtoto anashindwa kuvumilia na kutoa sauti chini ya meza: chanzo cha Nile kiko Abyssinia!

Msomaji wa Jinja au Mwanza anaweza kukunja uso. Lakini Margaret hajakosea kwa zama zake. Mskoti James Bruce alikuwa ameifikia chemchemi ya Nile ya Buluu huko Ethiopia, ndiyo Abyssinia ya wakati huo, mwaka 1770, na Wazungu wakaishia hapo. Mwingereza John Speke aliliona Ziwa Nyanza, yaani Victoria, mwaka 1858, na maji yakitoka ziwani pale Jinja mwaka 1862, takriban nusu karne baada ya riwaya. Wenyeji walikuwa wakiyachota siku zote, lakini hilo halikuwa kwenye atlasi ya Margaret. Katika dakika hizo chache tumempenda Edward, tumemjua Elinor anavyofanya utani, na mtoto ametoka chini ya meza. Tukio hilo Austen hakuliandika.

Ajabu nyingine ni muongozaji: Ang Lee, mtu wa Taiwan, ambaye alipopewa skripti hakuwa amewahi kumsoma Austen.

"Matt Damon naye ana Oscar zote mbili, ya kuigiza na ya kuandika"

Hana. Watu hubishana sana juu ya hili, kwa hiyo tulinyooshe. Emma ameteuliwa kuwania Oscar mara tano: Howards End, kisha mbili kwa mpigo mwaka 1994 kwa The Remains of the Day na In the Name of the Father, halafu mbili tena mwaka 1996 kwa Sense and Sensibility, moja ya kuigiza na moja ya kuandika. Ameshinda mbili: ya kuigiza mwaka 1993, na ya muswada uliotokana na kazi nyingine mwaka 1996. Ndiye mtu pekee aliyeshinda ya kuigiza na ya kuandika. Matt Damon na Billy Bob Thornton wana ya kuandika. Ya kuigiza waliteuliwa tu. George Clooney ya pili yake ni ya utayarishaji.

Kabla ya sherehe ile ya 1996 alikwenda kulizuru kaburi la Austen katika kanisa kuu la Winchester, na jukwaani akawaambia watu alikwenda kumpa salamu na kumweleza mapato. Sanamu zenyewe amewahi kusema anaziweka msalani.

Tangu mwaka huo hajateuliwa tena, hata kwa Saving Mr. Banks ya 2013, ambayo wengi huapa kwamba aliteuliwa.

"Nanny McPhee ni Mary Poppins aliyewekewa pua kubwa"

Yaya wa kichawi anayefika kwenye nyumba yenye watoto watundu: mfanano upo, siwezi kukataa. Lakini asili ni tofauti. Nanny McPhee ya 2005 imetokana na vitabu vya Christianna Brand kuhusu Nurse Matilda, alivyovitoa kwenye hadithi za nyumbani kwao, na michoro ikawa ya binamu yake, Edward Ardizzone. Skripti aliandika Emma, na ya pili ya 2010 pia. Kinachochekesha ni kwamba baadaye, katika hiyo Saving Mr. Banks, alicheza P. L. Travers mwenyewe, mwandishi aliyemtunga Mary Poppins. (Na Matilda huyu si yule wa Roald Dahl, ambaye Emma alikuja kumtesa akiwa Bi Trunchbull mwaka 2022.)

"Alimuasili mtoto wa Rwanda"

Inasemwa mara nyingi, hasa huku kwetu, wakati mwingine kwa mdomo uliopinda, kana kwamba ni mtindo wa mastaa. Kijana huyo hakuwa mtoto mchanga aliyechaguliwa kituoni. Alikuwa na miaka 16, mkimbizi aliyewahi kulazimishwa kuwa askari akiwa mtoto, na walikutana London mwaka 2003 kwenye shughuli ya shirika la wakimbizi. Karatasi za kuasili hazikuwahi kuwepo. Alikaribishwa chakula, akarudi tena, akawa mwana wa nyumba, pamoja na binti wa Emma na mumewe Greg Wise, ambaye ndiye Willoughby wa ile filamu. Baadaye kijana akasoma chuo kikuu cha Exeter. Kwa Kiswahili tungesema tu amelelewa pale.

"Alichoandika kinajulikana, jina lake liko pale"

Si mara zote. Mwaka 2005 ilipotengenezwa Pride & Prejudice ya Keira Knightley, nayo kutoka riwaya ya Austen, muongozaji Joe Wright alimwomba Emma aitazame skripti ya Deborah Moggach. Akasaidia, hasa upande wa Charlotte Lucas na yule Bwana Collins wake, na hakutaka kuandikwa kama mwandishi. Ukiitazama tena usizime majina yanapoanza kupanda. Yuko huko chini, kwenye orodha ya wanaoshukuriwa.