Mkanda wa visu ukilegea, usikimbilie dukani

Msimu wa salfa kazi yangu ni mashine za kupulizia mikorosho, asubuhi hadi usiku. Mvua zikishika, wateja hubadilika. Wanakuja wenye nyumba za wageni na wasimamizi wa viwanja vya ofisi, wote wanahangaika na ukoka unaoota kuliko wanavyoukata. Mashine za kukata majani za kukalia si nyingi hapa Mtwara mjini, na kadhaa kati ya hizo zimepita mikononi mwangu. Malalamiko huwa yale yale: "Fundi, mkanda wa visu umelegea, nitafutie mwingine."

Mvua zilizopita nilipigiwa simu na kijana anayeendesha mashine ya nyumba moja ya wageni kule Shangani, jirani kabisa na bahari. Alikuwa ameshabadilisha mkanda mara moja, na wa pili nao ulikuwa umeanza kulegea. Wa tatu uko kwenye basi unatoka Dar. "Kaka, mikanda ya siku hizi feki tupu," akaniambia. Sikumbishia, maana feki zipo. Ila mkanda ukilegea ndani ya wiki chache, na uliofuata ukalegea vilevile, mimi naachana na mkanda, natazama kinachoukaza.

Injini nyingi za mashine hizi zina krenki, ule mhimili unaozungushwa na injini, iliyosimama wima, na chini ya krenki kuna puli. Mkanda unatoka hapo kwenda kuzunguka puli za spindo zinazobeba visu, ndani ya deki, lile bakuli la chuma lililofunika visu. Njiani kuna puli ya kukazia, tenshena kama tunavyoiita gereji, iliyoshikwa na mkono wa chuma unaocheza kwenye bolti moja. Ukisukuma wenzo wa visu, kebo inavuta springi, springi inavuta mkono, puli inaubana mkanda, visu vinaanza kuzunguka. Ukiurudisha wenzo, mkanda unaachiwa na puli ya injini inazunguka peke yake.

Kwa hiyo kwenye mashine ya wenzo, visu vikiwa vimezimwa mkanda unatakiwa uwe umelegea. Ndivyo ilivyotengenezwa. Niliwahi kuitwa hadi Mikindani kwa ajili ya ulegevu wa namna hiyo. Mzee mwenye mashine alinilipa nauli, tukacheka, nikarudi.

Dalili za mkanda unaoteleza kweli zinajulikana: harufu ya mpira ulioungua, mlio mkali unapounganisha visu, mistari ya majani inayobaki nyuma. Hiyo mistari usiiamini peke yake, kwa sababu visu butu navyo huiacha. Ninayoiamini zaidi ni sauti ya injini. Ingia kwenye majani mazito usikilize. Visu vikipunguza kasi na injini nayo ikalemewa, mkanda umeshika, tatizo liko kwenye majani, kwenye visu au kwenye nguvu ya injini yenyewe. Visu vikisinzia huku injini inaimba kama haina mzigo, hapo ndipo mkanda unateleza.

Kabla ya kuingiza mkono chini, zima, toa ufunguo, chomoa kofia ya plagi. Mkanda ukiwa umekazwa, ukizungusha kisu kwa mkono unaizungusha na injini, na injini yenye joto haihitaji kubembelezwa sana ili iwake. Vaa glavu nene pia. Kisu butu kwa majani si butu kwa vidole.

Haya, kipimo ninachoanza nacho hakihitaji hata spana. Injini ikiwa imezimwa, weka wenzo kama unataka kukata, kisha chungulia mkono wa tenshena umefika wapi. Kama umefika mwisho wa njia yake, umegota kwenye chuma, na mkanda bado unacheza, basi mkanda ni mrefu kuliko nafasi yake. Ama umetanuka kwa uzee, ama ulinunuliwa mrefu. Lakini kama mkono una nafasi ya kwenda mbele na hauendi, mkanda mpya hautakusaidia kitu. Usukume kwa bisibisi kubwa kisha uachie. Unatakiwa urudi kwa kishindo. Ukirudi kivivu lakini laini, springi imechoka au kebo imetanuka. Ukibaki pale ulipouacha, umeganda kwenye bolti yake.

Mashine ya Shangani ilibaki pale pale. Niliusukuma mkono, ukatulia kama mtu aliyekaribishwa kiti. Nikaufungua. Ile bushi iliyo kati ya mkono na bolti ilikuwa nyekundu kwa kutu, grisi hakuna hata ya dawa. Upepo wa bahari huleta chumvi, majani mabichi huleta maji, na hapo ndipo vinapokutana, mahali ambapo anayeosha mashine hafiki na brashi. Springi ilikuwa nzima kabisa, inavuta chuma kisichotaka kuvutwa. Kila mkanda mpya ulipofungwa ulishika vizuri siku za mwanzo kwa sababu mkono ulikuwa umegandia karibu na mahali panapofaa. Mkanda ulipotanuka kidogo tu, kama mikanda yote inavyofanya mwanzoni, mkono haukuweza kuufuata.

Springi nina kisa chake, na si cha kujisifu. Nilipokuwa naanza kazi hii nilipata mashine yenye springi iliyolegea, spea hakuna, mteja ana haraka. Nikakata mizunguko miwili, nikakunja ndoano upya, ikawa ngumu kama ya pikipiki. Ikakata majani vizuri mno. Baada ya muda beringi ya tenshena ikaanza kulia, na kibaya zaidi, ukirudisha wenzo visu vinaendelea kuzunguka, kwa kuwa springi ile fupi haikuwa tena na ulegevu wa kuuachia mkanda. Visu vya mashine ya kukalia vinatakiwa visimame ndani ya sekunde 5 baada ya kuvizima. Vile havikusimama kabisa. Nilinunua springi sahihi kwa pesa yangu, na tangu siku hiyo springi sikati.

Kuhusu kununua mkanda, wengi tunaumizwa na namba. Mkanda ulioandikwa 4L950 una upana wa nusu inchi na mzingo wa nje wa inchi 95. Ulioandikwa A95 una upana uleule, lakini hiyo 95 ni mzingo wa ndani, kwa nje unafika kama inchi 97. Muuzaji anaona 95 na 95, upana sawa, anakufungia. Hizo inchi mbili zinakula sehemu kubwa ya safari ya tenshena kabla hujakata hata jani moja. Wa A unaolingana na 4L950 ni A93. Kwa mikanda mipana ya 5L na B, yenye upana wa inchi 5/8, tofauti ni kama inchi tatu. Na usipeleke mkanda uliochoka ukapimwe kwa futi, kwa maana umeshatanuka na utauziwa urefu wa uchakavu wake. Beba namba iliyo kwenye kitabu cha mashine.

Mkanda wa gari nao usiubandike humo hata kama unaenea. Wa visu umevishwa kitambaa nje ili ustahimili kuteleza kidogo kila unapounganisha, na mingi ina nyuzi za aramidi ndani ili isitanuke ovyo. Wa gari wenye meno haukuandaliwa kuachiwa na kubanwa mara arobaini kwa siku.

Ukiwa bado chini, zungusha kila puli mkanda ukiwa umetolewa. Spindo nzito au inayokwaruza itautelezesha hata mkanda mzuri, na nyasi mbichi zilizogandamana ndani ya deki zinafanya hivyo hivyo. Angalia pia sakafu ya mfereji wa puli. Ikiwa inang'aa, mkanda unakaa chini badala ya kushikwa ubavuni. Mchanga wetu huu unazila puli haraka.

Mashine zenye klachi ya umeme, inayounganisha visu kwa swichi badala ya wenzo, ni habari nyingine: mkanda wake umekazwa wakati wote, kwa hiyo ukiukuta umelegea, hata visu vikiwa vimezimwa, ni hitilafu. Na klachi iliyokwisha inaiga kabisa dalili za mkanda unaoteleza. Hapo nazima, nachomoa plagi, kisha nausogelea mkanda kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa umepoa na klachi inachoma, najua pa kwenda.

Kule Shangani nilisugua bushi kwa msasa, nikajaza grisi, nikapima mkono mara tatu hadi ukarudi kwa kishindo. Mkanda wa pili ulikuwa haujang'aa ubavuni wala kupasuka, nikaurudisha uleule. Tukakata uwanja mzima hadi kwenye minazi, nikasimama na saa, visu vikatulia kwenye sekunde ya nne. Basi lilifika jioni. Mkanda wa tatu umetundikwa kwenye msumari stoo, bado una karatasi yake.