Risiti si kibali: kabla hujanunua kigango, mlango wa zamani au kigae

Tangu kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/880, inayohusu kuingiza vitu vya urithi Ulaya, ianze kutumika kikamilifu tarehe 28 Juni 2025, maswali kwetu sisi wa makumbusho yameongezeka. Wanaouliza ni wenye maduka ya vinyago hapa Pwani ya Kenya, ndugu zetu wanaoishi Ujerumani na Italia, na wageni wanaokusanya sanaa ya Afrika kwa mapenzi ya kweli. Wengi wana nia njema, na ninawaandikia nikijua hivyo. Lakini karibu kila mmoja huanza kwa maneno yale yale: "Mimi nina risiti."

Risiti inaonyesha kwamba ulimlipa mtu. Haionyeshi kwamba mtu huyo alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba kitu kilitoka nchini kwa kibali. Tumelieleza jambo hili mara nyingi mno, na bado tunaletewa risiti.

Chukua kigango, nguzo ya mti iliyochongwa kwa kumkumbuka marehemu. Mmijikenda hahitaji kuelezwa, ila mnunuzi wa mbali huambiwa ni "sanamu ya Kiafrika" na mazungumzo yanaishia hapo. Kigango husimamishwa kwa ajili ya mzee wa Gohu (chama cha siri cha wazee) aliyefariki, hufungwa vitambaa shingoni na kumwagiwa tembo la mnazi, na kikishasimama hakiguswi. Hata watu wakihama mudzi, yaani boma lao, chenyewe hubaki. Ndiyo maana hoja ya "kilikuwa kimetupwa porini" haina msingi. Hakikutupwa. Kiliachwa mahali pake, kama kaburi linavyoachwa mahali pake.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, mmoja wa Wamijikenda, akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, kimoja kikatambuliwa katika mkusanyiko wa makumbusho huko Illinois, Marekani, na cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirudi kwa familia mwaka 2007, na kilichovirudisha ni picha ile. Linganisha na vigango 30 vilivyorudishwa na Denver Museum of Nature & Science mwaka 2019: vilifika Kenya, lakini hakuna aliyeweza kusema kila kimoja kiling'olewa mudzi gani. Makumbusho ile ilivipokea kwa wafadhili, wafadhili walinunua kwa wauzaji, na kila mmoja katika mnyororo huo aliridhika na karatasi ya aliyemtangulia. Hapa kwetu nako walioving'oa mara nyingi walikuwa vijana wa hapo hapo, kwa fedha ndogo. Hilo linauma, na lazima lisemwe.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, kitu cha kale ni kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Someni tena hayo maneno "au kuletwa". Bakuli la Kichina lililofika na jahazi limo. Milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1946 inalindwa pia. Kuvitoa vitu hivi nchini bila kibali ni kosa la jinai, lenye faini na kifungo. Na kigango cha mwaka 1960? Kina wenyewe. Aliyekiuza bila wao aliuza mali ya wizi, na umri wa mti haubadilishi hilo.

Upande wa Ulaya, watu wamesikia habari za miaka 250 wakadhani kitu kipya zaidi hakiulizwi. Si hivyo. Tangu tarehe 28 Desemba 2020 ni marufuku kuingiza vitu vya urithi vilivyotolewa kinyume cha sheria za nchi vilikotengenezwa au kugunduliwa, na kwa vitu vya mila kanuni haikuweka umri wala thamani ya chini. Hiyo miaka inahusu karatasi za ziada tu. Vitu vya kiakiolojia na vipande vilivyobanduliwa kwenye majengo ya kale, vikizidi miaka 250, vinahitaji leseni ya kuingiza, hata thamani yake iwe senti. Aina nyingine zilizoorodheshwa, zikizidi miaka 200 na thamani ikianzia yuro 18,000, zinahitaji tamko la mwingizaji lililotiwa saini, pamoja na maelezo ya kina ya kitu chenyewe. Maombi hufanywa na mwingizaji kwa mfumo wa kielektroniki. Mamlaka ina siku 21 za kudai nyaraka zinazokosekana, na siku 90 za kuamua baada ya maombi kukamilika. Basi asitupigie mtu simu wiki ya safari akitaka barua ya haraka.

Vigae, yaani vipande vya vyombo vya kale vilivyovunjika, navyo vimetuchosha. Mgeni huokota kimoja kwenye magofu ya mji wa kale wa Gedi, akakitia mfukoni, akasema ni kidogo tu. Kigae kilicholala pale kinamwambia mtafiti tabaka lile ni la karne gani na chombo kilitoka wapi. Kikiwa juu ya kabati la mtu hakimwambii chochote, wala ukikirudisha kwa posta hatujui tena kilikuwa ukuta gani.

Kama unacho kitu ambacho huna hakika nacho, kilete makumbusho ya karibu nawe, au tuma picha za pande zote, pamoja na chini. Andika ulikipata kwa nani, wapi na lini, hata kama majibu yanakutia aibu. Anayekuja mwenyewe tunamsikiliza tofauti na anayekamatwa uwanja wa ndege. Na tafadhali usikisafishe kwanza. Majuzi nililetewa kigango kilichosuguliwa msasa na kupakwa vanishi hadi kitakoni. Kigango kilichochongwa kwa ajili ya duka huwa na kitako kisafi. Kilichong'olewa huwa kimeliwa na mchwa na kushika udongo wa pale kiliposimama. Udongo wa hicho ulikuwa umeshaoshwa.