Nafasi Tupu Kwenye Faili la Mtoto

Mtoto wa kilo 7 akilazwa kwa nimonia kali, mwongozo wa Kenya unataka apewe penisilini kila baada ya saa 6, pamoja na gentamisini miligramu 7.5 kwa kila kilo ya mwili, mara moja kwa siku. Kwake yeye hiyo ni miligramu 52.5. Kompyuta hukagua hesabu ya aina hii kwa watoto elfu moja kabla mtu hajamaliza kusoma faili moja. Programu huachia nafasi kidogo juu na chini, tuseme asilimia 20, kwa hiyo dozi yoyote kati ya miligramu 42 na 63 inapita. Isipoandikwa kilo ya mtoto, ukaguzi wote umekwama hapo.

Kenya ina uzoefu wa miaka mingi katika kazi hii ya kukagua matibabu ya watoto kwa kompyuta. Tangu 2013, hospitali kadhaa za kaunti zimeungana na Wizara ya Afya, mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome Trust, chama cha madaktari wa watoto na Chuo Kikuu cha Nairobi katika mtandao wa kukusanya taarifa za wadi za watoto. Anayetarajia kompyuta ya tableti kando ya kila kitanda atashangaa, maana msingi wa mtandao huo ni karatasi. Daktari anajaza fomu ya kumlaza mtoto yenye maswali yaliyopangwa: umri, uzito, homa, kikohozi, dalili za hatari. Mtoto akiruhusiwa au akifariki, karani anachukua faili na kuliingiza kwenye kompyuta bila jina. Programu inakagua makosa, kisha ripoti inarudi kwa wale wale waliojaza fomu.

Kila kipimo cha ubora wa huduma ni hesabu ya sehemu, namba moja juu ya nyingine: juu wapo watoto waliopata walichostahili, chini wapo wote waliostahili. Wengi huangalia juu, lakini udanganyifu hujificha chini. Chukua oksijeni. Anayestahili kuwekewa ni mtoto ambaye kipima oksijeni cha kidoleni kinaonyesha chini ya asilimia 90. Hospitali inayowapima tu wale ambao midomo imeshageuka bluu itajikuta na alama nzuri sana, kwa kuwa hakuna anayeweza kusahau kumwekea oksijeni mtoto wa namna hiyo. Wale wenye asilimia 87 ambao kwa macho wanaonekana wa kawaida hawamo kwenye hesabu kabisa. Ndiyo maana kipimo cha oksijeni kisisomwe peke yake. Kwanza ulizwe: kati ya wote waliolazwa kwa shida ya kupumua, wangapi walipimwa?

Hapo ndipo linapokuja suala la nafasi tupu. Fomu inauliza kama kifua kinabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, na majibu ni ndiyo au hapana. Daktari mwenye haraka anaweka alama kwenye ndiyo na kuruka yaliyobaki, akijua moyoni kwamba yaliyorukwa ni hapana. Karani hawezi kulijua hilo. Akijaza hapana kwa niaba yake, mtoto ambaye hakuangaliwa anahesabika kuwa aliangaliwa akakutwa hana tatizo. Programu iliyotengenezwa vizuri ina jibu la tatu, haikuandikwa, na haimruhusu karani kuliruka swali. Idadi ya majibu hayo ya tatu nayo ni kipimo, pengine chenye ukweli kuliko vyote.

Hata namba iliyoandikwa inaweza kuwa ya kubuni au ya mkato. Upumuaji unapaswa kuhesabiwa kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Anayehesabu sekunde 30 na kuzidisha mara mbili hatapata namba witiri hata siku moja. Anayehesabu sekunde 15 atapata namba zinazogawanyika kwa 4 tu. Ukizipanga namba za mwezi mzima, mkato huo unaonekana waziwazi. Na una madhara: kwa mtoto wa miezi 8, pumzi 50 kwa dakika ndizo mpaka wa upumuaji wa haraka. Kwa mkato, 24 huwa 48 na 25 huwa 50, na pumzi moja imebadilisha jina la ugonjwa.

Upande wa usalama, adui mkubwa wa watoto ni nukta ya desimali. Kichanga wa kilo 2.4 aliye katika wiki ya kwanza anahitaji gentamisini miligramu 5 kwa kilo, yaani 12. Kwenye ampuli, yaani kichupa cha dawa ya sindano, ya miligramu 80 katika mililita 2, hiyo ni mililita 0.3. Nukta ikipotea inakuwa mililita 3, ampuli moja na nusu. Muuguzi anayejikuta anafungua ampuli ya pili kwa kichanga mmoja asimame arudie hesabu. Iandikwe 0.3 na siyo .3, iandikwe 3 na siyo 3.0. Kompyuta nayo ikatae uzito wa 2400 panapotakiwa kilo, kosa la kawaida kwa vile vichanga hupimwa kwa gramu.

Madhara mengine hayapatikani kwa hesabu. Fomu za kuripoti ajali za matibabu hukamata sehemu ndogo tu, kwani watu wanaogopa lawama. Mfumo unaweza kutafuta ishara: sukari ya damu iliyoshuka chini ya milimoli 2.5 kwa lita baada ya mtoto kulazwa, nalokisoni (dawa ya kuzima nguvu ya dawa za maumivu kama mofini) iliyotolewa ghafla, mtoto aliyerudi siku chache baada ya kuruhusiwa. Ishara haimhukumu mtu. Muuguzi aliyefunzwa analisoma faili lote, daktari anathibitisha, na mara nyingi inakutwa kwamba hakuna aliyekosea.

Tahadhari moja kuhusu ripoti zenyewe: wadi iliyopokea watoto 4 wenye utapiamlo mkali mwezi huu haina asilimia ya kujivunia wala ya kuonea aibu. Mtoto mmoja tu anaihamisha kutoka 75 hadi 50. Zikusanywe za miezi mitatu au zaidi. Vifo navyo visilinganishwe kati ya hospitali ya rufaa na ile inayowapeleka huko wagonjwa mahututi.

Mzazi naye ana nafasi yake. Mtoto akifika hospitalini, uliza ana kilo ngapi leo, na hakikisha namba hiyo imeandikwa kabla ya dawa ya kwanza. Kilo za kliniki ya mwezi uliopita hazitoshi: mtoto aliyeharisha siku tatu anaweza kuwa amepungua.