Je, wanawake wa Marekani walianza kupiga kura mwaka 1920?

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura mwaka 1920. Mwaka wenyewe ni sahihi, maana ndipo Marekebisho ya 19 ya katiba yalipoidhinishwa. Ila hadithi ilianza kitambo.

Katiba ya New Jersey ya 1776 iliwapa kura "wakazi wote" wenye mali ya pauni 50, na wanawake wakaitumia nafasi hiyo hadi walipofungiwa mlango mwaka 1807. Wyoming, kabla hata haijawa jimbo, iliwaruhusu mwaka 1869. Colorado ikafuata 1893, tena kwa kura za wanaume wenyewe.

Kilichowachoma wanaharakati wa haki za wanawake ni neno moja. Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yaliingiza neno "wanaume" katika katiba kwa mara ya kwanza. Mwaka 1878 pendekezo lao la kurekebisha katiba ili wanawake wasinyimwe kura likafikishwa bungeni. 1887 seneti ikaliangusha kwa kura 34 dhidi ya 16. Maneno yaliyoshinda 1920 ni yaleyale ya 1878.

Anayetaka kuhakikisha aifungue katiba hiyo mtandaoni, ni bure. Asome kifungu cha 2 cha Marekebisho ya 14, kisha aende kwenye ya 19. Hataona popote kwamba wanawake "wamepewa" kura. Kinachokatazwa ni kumnyima raia kura kwa sababu ya jinsia. Vikwazo vingine havikuguswa, ndiyo maana wanawake weusi wengi wa majimbo ya kusini waliendelea kuzuiwa hadi sheria ya haki za kupiga kura ya 1965.